Nani Kachukua Sufuria

Nazima kiyoyozi ili nisikie.
Ruwi, Julai, saa tisa mchana:
nina dakika kumi na mbili
kabla jasho halijafika kwenye vitufe.
Chini yangu Biju anatengeneza viyoyozi vya watu
nami juu yake nakaa na changu kimezimwa.
Alinicheka miaka sita. Siku hizi ananihurumia.

Kazi hii sikuisomea.
Nilianza Dubai, kwenye kumbi za hoteli,
nikikunja nyaya baada ya harusi za wenyewe:
duara moja ndani, duara moja nje,
waya usije ukakumbuka kwamba uliwahi kupindwa.
Hatim wa Omdurman alinipa nyaya miezi minane
ndipo akaniachia kitufe kimoja.
Alisema, punguza kabla hujaongeza.
Alisema, wakikusifu wewe umeharibu;
wamsifu mwimbaji, wewe kale wali.

Nimekula wali.
Nimesafisha tangazo la matairi, la maziwa ya ngamia,
la bwana mmoja akisoma bei za friji
kana kwamba anamwombea maiti.
Nimemnyoosha kijana wa Sohar noti kwa noti
mpaka redioni akasikika hajapata kukosea maishani.
Jina langu halimo. Hata mama yangu
akiulizwa mwanawe anafanya nini Maskati
hujibu: mambo ya umeme.

Jumanne akaja Muhanna na kaseti.
Harusi ya kwao, Seeb, mwaka themanini na tatu,
ukanda umelegea, jalada limeandikwa kwa wanja.
Anaoa mwezi ujao, anataka wimbo ule uingie ukumbini
safi, kaka, safi kama wa leo.
Riali arubaini. Ishirini mkononi.

Siku tatu nililala na kaseti masikioni.
Nikatoa mvumo wa feni,
nikatoa mkwaruzo wa ukanda, kama mchele
unaopepetwa chumba cha pili,
nikatoa kikohozi, mlango, bangili,
pikipiki iliyopita nje ikaenda zake.
Na katikati ya ubeti wa pili
palikuwa na mwanamke, mbali na maikrofoni,
akiuliza kwa Kiswahili cha Ng'ambo, kwa hasira:
Nani kachukua sufuria kubwa?
Alikuwa amekalia neno la mwimbaji.
Nikamkata.
Saa nne nzima, kumtoa bila kuacha kovu.
Nikasikiliza garini, nikasikiliza kwenye simu,
kwenye kispika cha Biju kilichojaa vumbi.
Nikajipigia makofi.
Hatim angenipa moja, la kweli.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, simu.
Si Muhanna. Mama yake, Bi Zayana.
"Mwanangu, kazi yako nzuri.
Mwimbaji yule tulimkodi, hata jina limenitoka.
Lakini huyu wa sufuria umempeleka wapi?"
Nikanyamaza.
"Yule mama yangu.
Hakutaka picha, simu hakuishika.
Sauti yake yote duniani ni maneno hayo manne."
Akavuta pumzi, nikaisikia mpaka mwisho wake.
"Na sufuria yenyewe hatukuiona tena."

Basi nimezima kiyoyozi.
Namrudisha pole pole,
kwanza pumzi, kisha nani,
namtoa jikoni namsogeza mlangoni,
desibeli tatu, halafu nusu.
Mwimbaji namwomba apishe kidogo.
Feni nairudisha, na bangili, na pikipiki,
maana bila chumba hana pa kusimama.
Sitadai zile ishirini zilizobaki.
Au nitadai, kodi haijui marehemu.

Jasho limefika kidevuni.
Mara ya kumi na moja anauliza,
na mara ya kumi na moja mdomo wangu,
peke yangu humu, mlango umefungwa,
unajibu wenyewe:
Si mimi, bibi.